Ziwa liko kwenye ramani, ardhini hakuna maji: nani anasema kweli?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya mazingira hapa Fairbanks, Alaska. Nyumbani ni Njombe. Msimamizi wangu amenipa ramani ya topografia ya miaka ya 1950, karatasi ya Fairbanks D-5 yenye nyanda za Minto, niilinganishe na hali ya leo. Nimekwenda uwandani mara mbili, Agosti na Septemba. Ziwa moja lenye umbo la figo sikulikuta, badala yake kuna nyasi na vichaka. Njia iliyochorwa kwa vistari ilinipeleka kwenye tope la kufika mapajani. Tena GPS inaniweka zaidi ya mita mia moja kutoka pale ninapojua nimesimama. Je, ramani hii ni mbovu, au ardhi imebadilika kiasi hicho? Niiamini kwa lipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa tope. Umeniuliza kama ni jambo moja, lakini ni matatu, na kila moja lina mkosaji wake. La GPS ni la hesabu, tutalimaliza upesi. La njia ni la majira ya mwaka. La ziwa ndilo lenye utafiti ndani yake, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Kabla ya yote, geuza macho kutoka katikati ya karatasi uyapeleke pembezoni. Mimi nilifundishwa kazi hii kwa karatasi za 1:50,000 za Tanganyika, zile zilizochorwa Uingereza kutokana na picha za anga na idara ya upimaji iliyoundwa mwaka 1946 kwa ajili ya makoloni. Mchoraji alikaa na miwani yake ya kuona kina mbele ya picha mbili za ndege, akachora mto ambao miguu yake haijawahi kuukanyaga. Karatasi za Alaska za skeli ya 1:63,360 zilizaliwa hivyo hivyo, na katika miaka ile ile. Idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, ilikuwa na eneo kubwa mno la kupima, watu wachache, na kiangazi cha majuma machache tu. Kwa hiyo pembeni mwa karatasi nyingi za huko utakuta sentensi fupi inayosema ramani haikuhakikiwa uwandani. Maana yake ni kwamba unachokishika ni tafsiri ya picha. Hakuna mtu aliyekwenda kuuliza kama lile doa jeusi ni maji yenye kina, ni tope, au ni kivuli cha miti.

Kisha tafuta miaka. Iko zaidi ya mmoja: mwaka wa picha kupigwa, mwaka wa toleo, na wakati mwingine mwaka wa kuchapwa upya. Wanafunzi wengi huchukua ule ulioandikwa kwa herufi kubwa kwenye kona ya chini. Tuseme picha ni za 1949 na toleo ni la 1956. Ukiandika kwamba mwaka 1956 ziwa lilikuwapo, umelipa ziwa miaka saba ambayo huna ushahidi nayo. Na ukiona mistari ya rangi ya zambarau, hiyo ni nyongeza ya baadaye kutoka picha mpya zaidi, imebandikwa juu ya ramani ya zamani bila kuigusa iliyobaki. Karatasi moja inaweza kuwa na barabara ya miaka ya 1970 inayopita kando ya ziwa la miaka ya 1940.

Sasa GPS. Ramani yako imefungwa kwenye mfumo wa rejea wa 1927, yaani msingi wa kuhesabia mahali ilipo kila nukta, ule ambao chimbuko lake ni nukta moja iliyoko Kansas, katikati ya Marekani. Simu yako inatumia mfumo wa kisasa unaotoka kwenye setilaiti. Kutoka Kansas hadi Alaska ni mbali, na kwa eneo lako tofauti ya mifumo hiyo miwili inapita mita 100. Sisi huku tunalo tatizo lile lile: karatasi zetu za 1:50,000 ziko kwenye mfumo wa Arc 1960, na asiyebadilisha hujikuta yuko takriban mita 300 pembeni. Weka programu yako kwenye mfumo wa 1927 wa Alaska, utaona nukta inarudi mahali pake.

Nakupa na kipimo utakachokitumia siku zote. Chagua vitu visivyohama: kilele cha kilima, mwamba unaochungulia mtoni, jiwe la wapimaji. Vyote vikiwa vimesogea kwa kiasi kimoja na upande mmoja, kosa ni la mfumo wa rejea. Vikitulia vyote na kimoja tu kikawa kimehama, hapo ama mchoraji alikosea, ama ardhi imesogea. Usitumie kingo za mto kwa kazi hii. Halafu kumbuka ukubwa wa penseli. Katika skeli hiyo inchi moja ni maili moja, yaani milimita moja ya karatasi ni mita 63 za ardhi. Kanuni ya Marekani ya usahihi inaruhusu nukta iliyo bayana kupotoka hadi sehemu moja ya 50 ya inchi, ambayo kwako ni mita 32. Kwa hiyo ukingo wa ziwa uliosogea mita 20 si habari. Usiuandike.

Mfano unaonisaidia kila nikifundisha jambo hili ni ule mlima mkubwa wa Alaska unaoitwa Denali, au McKinley kwenye ramani nyingi. Kimo chake kilichokubalika tangu mwaka 1952 kilikuwa futi 20,320. Mwaka 2015 wapimaji waliupanda na vifaa vya setilaiti wakapata 20,310. Mlima haukupungua futi kumi. Kilichobadilika ni namna ya kupima. Kila utakapoona tofauti kati ya karatasi yako na ardhi, anza kwa kuuliza: kilichobadilika ni ardhi, au ni namna ya kupima?

Tuje kwenye ziwa.

Jina lenyewe Minto linatokana na neno la Kiathabaska, jamii ya lugha za wenyeji wa asili wa huko, lenye maana ya kati ya maziwa. Waliolitoa jina hilo hawakuhitaji ramani kujua kwamba hapo ni mahali pa maji. Lakini maji ya nyanda zile si ya aina moja, na ramani yenyewe inakuonyesha tofauti ukiisoma taratibu. Chukua lenzi, fuata ukingo wa ziwa lako la figo kwa ncha ya kijiti, mzunguko mzima, na ujiulize: kuna mstari wa buluu unaoingia au kutoka? Ziwa lenye mkondo unaoliunganisha na mto, iwe Tolovana, Chatanika au Tanana, hupanda na kushuka pamoja na mto huo. Linaweza kujaa Juni na kuwa uwanja wa nyasi Septemba, na mwaka unaofuata likajaa tena. Ziwa lisilo na mlango wowote ni habari nyingine kabisa. Hilo linaishi kwa theluji inayoyeyuka na mvua, na kilichokuwa kikiyazuia maji yasipotelee chini ni ardhi iliyoganda daima, ile ambayo haiyeyuki hata kiangazi. Ardhi hiyo ikiyeyuka na kutoboka, maji hupata njia ya kushuka, kama karai lililotoboka kitako. Maziwa mengi ya aina hii katika Alaska ya ndani yamesinyaa au kukauka tangu miaka ya 1950.

Angalia pia ukingo wenyewe umechorwaje. Mstari mzima ni maji ya kudumu kwa maoni ya mchoraji. Mstari wa vipande ni ziwa la msimu, yaani hata yeye alikuwa na shaka. Ukikuta vishungi vidogo vya buluu vinavyofanana na majani, hapo ni kinamasi, na mpaka kati ya kinamasi na ziwa kwenye picha nyeusi na nyeupe ya enzi zile ulitegemea sana jicho la mtu. Mimea inayoelea juu ya maji huonekana kama nchi kavu kutoka angani.

Ndiyo maana nakuomba usiishie kwenye ramani. Itafute picha iliyoizaa. USGS imeziweka picha nyingi za zamani kwenye hazina yake ya mtandaoni, na kila picha ina tarehe kamili, siku na mwezi, kitu ambacho pembeni ya ramani ni nadra kukipata. Mwezi ni muhimu kuliko mwaka. Barafu ya mto Tanana kwa kawaida huvunjika kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei. Watu wa Nenana wamekuwa wakishindania kubashiri saa yake tangu 1917, na kumbukumbu zao ni hazina kwa watafiti wa hali ya hewa. Baada ya hapo theluji ya milimani inateremka na nyanda zinajaa. Picha ya mwanzoni mwa Juni itakuonyesha bahari. Picha ya Septemba, mahali pale pale, itakuonyesha mashamba ya nyasi. Wewe umekwenda Agosti na Septemba. Ikiwa ramani yako ilitokana na picha za Juni, sehemu ya tofauti uliyoiona ni kiangazi kilichopita, haihusiani na miaka 70. Hili ndilo kosa ninalolihofia zaidi katika kazi yako, kwa kuwa ndilo linaloonekana kama ugunduzi.

Kisha weka picha ya tatu katikati. Kuanzia 1978 hadi 1986 Alaska ilipigwa picha za rangi za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kutoka juu sana, na humo maji huonekana meusi na mimea hai huonekana nyekundu. Ziwa likiwapo 1950, likiwa limepungua 1980, na leo halipo, una mwelekeo. Likiwapo, likakosekana, likarudi, likakosekana tena, una mto unaopumua.

Usisahau pia mwenendo wa kinyume. Kwenye nyanda za mto Tanana kuna misitu ya mibirchi, miti ya nchi za baridi yenye gome jeupe, iliyozama kwa sababu barafu ya chini iliyeyuka. Ardhi ikatitia, miti ikalala, pakawa kinamasi. Huko ramani inaonyesha kijani na wewe utakuta maji. Na kuna biva, yule mnyama anayekata miti na kuziba vijito. Bwawa jipya lililonyooka upande mmoja, likiwa limekaa juu ya kijito kilichochorwa, lichunguze kama ni kazi yake kabla ya kulihusisha na joto la dunia.

Kuhusu njia iliyokuzamisha: tazama karibu na vile vistari kama kuna maneno madogo yanayosema ni njia ya kipupwe. Karatasi za Alaska zimejaa njia hizo. Zilitumiwa na mbwa wanaovuta magari ya kuteleza, na baadaye na trekta, wakati maziwa na vinamasi vimekuwa mawe matupu. Ndiyo sababu zimenyooka na kukata ziwa katikati bila kuzunguka, jambo ambalo hakuna mtembeaji wa Njombe angelielewa. Kwa nchi ile, Januari ndipo barabara ilipokuwa nzuri. Lakini usiitupe habari hiyo. Njia ya kipupwe inakuambia mahali palipokuwa tambarare na wazi, pasipo na msitu mzito wala kingo za ghafla. Ukikuta leo msitu mnene umesimama juu ya mstari ule, una swali zuri la kuuliza.

Rangi nazo zina mitego. Nyeupe kwenye karatasi ya Alaska si theluji. Nyeupe ni mahali pasipo na miti ya kutosha kwa macho ya mchoraji: tundra (uwanda wa baridi usioota miti), mwamba, nyasi, au misprusi (miti yenye majani kama sindano) midogo iliyodumaa ambayo haikufikia kiwango chake cha kuitwa msitu. Theluji na barafuto za milimani utazijua kwa kontua, ile mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, za buluu badala ya kahawia. Kijani nacho hakikuambii ni mti gani, ila kontua zinaweza kukuambia ukizisoma pamoja na jua. Huku kwetu jua linapita utosini na mteremko wa kaskazini haupishani sana na wa kusini. Fairbanks, hata siku ndefu kuliko zote mwezi wa Juni, jua la adhuhuri halifiki nyuzi 50 juu ya upeo. Mteremko unaotazama kusini hupata joto, hauna barafu ndani, na humea mibirchi na misprusi mikubwa. Unaotazama kaskazini hukaa kivulini, chini yake kumeganda, juu kuna kuvumwani nene na misprusi myeusi miembamba kama fimbo. Kwa hiyo kilima kimoja chenye kijani pande zote mbili ni misitu miwili. Ongeza na moto: mwaka 2004 peke yake Alaska iliunguliwa na ekari milioni 6.6, na mara nyingi palipokuwa na misprusi paliota mibirchi. Ramani ya leo itapaka kijani kile kile.

Kontua zenyewe zina ukimya wao. Angalia pembeni tofauti ya kimo kati ya mstari na mstari. Kwenye karatasi za huko mara nyingi ni futi 50 au 100, na 25 mahali pa tambarare. Ikiwa yako ni 50, kilima cha mita 12 kinaweza kulala kati ya mistari miwili kisionekane kabisa, na nyanda za Minto zina maisha yao yote ndani ya mita hizo chache. Weupe usio na kontua haimaanishi ni sakafu.

Nimekuahidi nitakaa zaidi kwenye ziwa, lakini kuna mambo mawili ya nje ya ziwa siwezi kuyaacha.

La kwanza ni kijiji. Karatasi ya miaka ya 1950 inakionyesha Minto ukingoni mwa mto Tanana. Minto ya leo haiko hapo. Mto ulikuwa ukifurika na kuumega ukingo mara kwa mara, na mwaka 1969 watu walianza kuhamia kaskazini, mahali ambapo tangu zamani palikuwa kambi yao ya vuli na kipupwe. Nyumba mpya na shule vilikamilika kufikia 1971. Ramani ilikuwa sahihi, na ardhi ikabadilika, na watu wakabadilika nayo. Miaka miwili tu kabla ya kuhama, Agosti 1967, mafuriko makubwa yaliizamisha Fairbanks. Tanana ni mto uliosukwa kama nywele, mikondo mingi inayogawana na kuungana juu ya changarawe, na kila mafuriko huufumua na kuusuka upya. Usilinganishe mkondo mmoja na mkondo mmoja. Linganisha upana wa msuko wote.

La pili ni mstari wa buluu usio mto. Ukichukua karatasi za kaskazini mwa Fairbanks, utaona mstari mwembamba unaopita kiunoni mwa vilima, ukiingia kila bonde na kutoka, karibu sambamba na kontua. Mto hukata kontua, huu unazifuata. Aliyekulia Kilimanjaro angeutambua mara moja, kwa kuwa mfongo wa Wachagga, mfereji wao wa kumwagilia mashamba, huchorwa vivyo hivyo. Huo ni mfereji wa Davidson, uliochimbwa miaka ya 1920 kwa urefu wa karibu maili 90, kuyatoa maji ya mto Chatanika hadi kwenye machimbo ya dhahabu. Huko huko, karibu na Fox, utaona maeneo yenye madoa ya kahawia: ni marundo ya kokoto yaliyoachwa na mashine kubwa zilizoelea zikila bonde. Kijito cha Goldstream kinatoka huko na kuteremka hadi kwenye nyanda zako. Kwa hiyo ukipima tope la Minto, panda kwa macho kwenye ramani mpaka kwenye vyanzo, uone nani alikuwa akikoroga maji juu.

Na majina uyasome kwa heshima. Tanana, Nenana, Chena, Tolovana: ile na ya mwisho ni mto kwa lugha za Kiathabaska, kama vile ru inavyosimama mwanzoni mwa Rufiji, Ruvu, Ruaha na Rusizi. Jina la mahali ambalo halielezi tena kilichopo mbele yako ni ushahidi wa zamani kuliko ndege yoyote.

Dira nayo usiiwekee mshale uliochapwa kwenye karatasi. Miaka ya 1950 sindano ya sumaku huko ilipotoka karibu nyuzi 30 mashariki mwa kaskazini ya kweli. Leo ni chini ya 20. Ukitembea kilomita tano kwa pembe ya zamani, utafikia bonde lisilo lako.

Sasa kazi ya msimu ujao. Kwanza pata tarehe ya picha. Kisha rudi kwenye ziwa la figo ukiwa na ruhusa ya halmashauri ya kijiji cha Minto, na ukiwa huko uwaombe wazee waliozaliwa kijiji cha zamani wakuambie walivua na kuwinda wapi. Wachukulie karatasi yako waitazame, wala usiwaelekeze kidole. Halafu nenda hadi katikati, pale ramani inapoonyesha maji. Mierebi iliyoota hapo huweka pete moja kila mwaka. Chagua shina nene kuliko yote, likate chini kabisa karibu na ardhi, uhesabu. Pete 40 maana yake maji yaliondoka si chini ya miaka 40 iliyopita, na ziwa lako halikukauka kiangazi hiki. Ukikuta mashina yote yana pete nne au tano, subiri kabla ya kuandika lolote. Tumia msumeno wenye meno madogo, panga linaziponda. Pete za huko ni nyembamba kama karatasi, na utahitaji msasa na lenzi ile ile uliyosomea ramani.